Matundu ya miguu ya stuli: jigi ni digrii 14, mbona mawili yanatoka 12.7?

#1 Msumeno_Kimya
Wakuu, salaam. Niko na kazi ya stuli za kaunta. Kikalio ni mninga, 350 kwa 350, unene mm 40. Miguu minne, kila mmoja umelala digrii 10 ukiutazama kwa mbele na 10 ukiutazama ubavuni. Tundu ni mm 25, linapita mpaka juu, halafu ulimi (ncha ya mguu inayoingia tunduni) unapigwa kabari.

Mashine ni drili ya kusimama ya mezani, ile ya inchi 10. Biti ya Forstner, ile ya kichwa cha duara inayokata kwa ukingo wake. Meza haijalazwa, iko sifuri. Ulalo unatoka kwenye jigi la plaiwudi (kitegemeo cha mteremko cha kulazia kikalio) nililolifunga juu yake, digrii 14. Natoboa upande wa chini wa kikalio ukiwa juu.

Nachomeka fimbo ya duara ya mm 25 katika kila tundu na kupima kwa kufuata mstari wa kona. Tundu la 1 na la 3 yanasoma 14.2 na 13.9. La 2 na la 4 yanasoma 12.6 na 12.8. Namba zinafuata mwelekeo wa saa, kwa hiyo 1 na 3 yanatazamana kwa kona. Kikalio cha pili kimetoka hivyohivyo. Nani anadanganya hapa, mashine, biti au mbao?

#2 KobeMbao
Uzi wa ufundi bila picha? Haya, tuendelee kupiga ramli.

#3 Chipukizi_Tabora
Samahani wakuu, hapo mwanzo tu nimeachwa. Mguu umelala 10 na 10, hiyo 14 imetoka wapi? Si ilitakiwa iwe 20 au ibaki 10?

#4 Mwalimu_Pembe
@Chipukizi_Tabora, mguu una ulalo mmoja tu wa kweli. Hizo 10 na 10 ni sura mbili za ulalo huohuo ukitazamwa kutoka pande mbili. Tanjenti ya 10 ni 0.1763. Ipandishe kipeo cha pili, jumlisha na ya upande wa pili iliyopandishwa hivyohivyo, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jumla. Unapata 0.2494, nayo ni tanjenti ya digrii 14.

Pande zikiwa sawa, mguu unaelekea digrii 45 kamili. Zisipokuwa sawa, mstari unahama. Mfano, kiti chenye miguu ya nyuma iliyolala 15 kwenda nyuma na 8 kwenda nje: ulalo wa kweli ni 16.8, na mstari wa kuchora chini ya kikalio uko digrii 27.7 kutoka mstari wa mbele-nyuma. Hiyo 27.7 unaipata kwa kugawa tanjenti ya 8 kwa tanjenti ya 15.

Faida yake ni kwamba jigi linalala upande mmoja tu. Hubadilishi chochote kwa mguu wa kulia au wa kushoto, unazungusha kikalio mpaka mstari uliouchora ulale sambamba na mstari wa katikati wa jigi.

#5 Chipukizi_Tabora
Nimeelewa. Asante Mwalimu.

#6 Mzee_wa_Randa
Vijana na tanjenti zenu. Jigi la 14 halihitaji kikokotoo: panda 1 kwa kila 4. Pima mm 200 kwenye kitako cha jigi, inua mwisho mmoja mm 50, umemaliza. Ukitaka mlalo mdogo zaidi, 1 kwa 5 ni digrii 11.3, 1 kwa 6 ni 9.5, 1 kwa 8 ni 7.1. Anayetaka 14.00 akatengeneze saa.

Sasa kwa muuliza swali. Hizo drili za mezani ugonjwa wake ni meza. Inashikwa na bano moja tu kwenye nguzo. Ukikandamiza mkono wa kushushia, meza inainama mbele. Weka rula ya chuma iegemee nguzo, kandamiza meza kwa kiganja, utaiona inavyoachia. Ikishuka milimita moja tu kwa umbali wa 150, umeshapoteza karibu digrii 0.4.

#7 KabariMoja
Mzee shikamoo. Meza inainama, kweli, lakini soma tena #1. Meza ikiinama inakosea matundu yote manne kwa upande uleule. Jigi halihami, kinachozunguka ni kikalio. Ingekuwa meza, yote manne yangesoma 12.7 au yote manne 14. Huyu ana mawili mawili, tena ya kona kwa kona.

#8 Mzee_wa_Randa
Marahaba. Isipokuwa anakandamiza kwa nguvu tofauti. Biti ikipata moto na kulegea makali, tundu la mwisho linakula nguvu mara mbili ya la kwanza.

#9 KabariMoja
Basi la 1 lingekuwa zuri, la 4 baya, na ya katikati yangepanda taratibu. La 3 lisingerudi 13.9.

#10 Bawaba_Arusha
Mimi naangalia biti. Forstner kwenye mteremko ina tabia moja ambayo wengi hawaihesabu. Kwenye kikalio kilicholala digrii 14, upande mmoja wa biti ya mm 25 unagusa mbao mm 6.2 kabla ya upande wa pili (25 mara 0.2494). Kile kimsumari cha katikati kiko nusu ya njia, yaani mbao ya kukigusa iko mm 3.1 chini ya pale ukingo unapogusa kwanza. Sasa pima kimsumari cha Forstner yako: kimetokeza mm 2, labda 3. Maana yake ukingo unaanza kula upande wa juu wa mteremko wakati kimsumari bado kiko hewani. Hakuna kinachoishikilia biti. Inasukumwa kuteremka.

Na biti ikisukumwa, huwa inabaki na mpindo huo. Toka chaki (mdomo wa drili unaoshika biti) mpaka ncha ni kama mm 90. Ncha ikihama mm 1, hiyo ni digrii 0.6.

Dawa: mm 7 za kwanza shuka kama hutaki, bila kukandamiza, uache ukingo ujichimbie mpaka duara zima liingie. Baada ya hapo Forstner ndiyo biti iliyo salama kuliko zote kwa sababu inaongozwa na ukingo wake, haiongozwi na ncha. Ndiyo kazi aliyoibunia Benjamin Forstner kule Marekani, hati yake ya 1874.

#11 Pwani_Seremala
Bawaba kasema kweli tupu. Ndiyo maana kwa mlalo mimi hupendelea biti bapa, ile ya koleo. Ina ncha ndefu, sentimita nzima na zaidi, kwa hiyo ncha inashika mbao kabla bega halijagusa. Tundu lake si safi kama la Forstner, lakini halihami.

#12 Bawaba_Arusha
Biti bapa ikitokea upande wa pili inamegua. Na upande wa pili wa stuli ya jamaa ndiyo sehemu ya kukalia, ndipo mteja anapopapasa.

#13 Pwani_Seremala
Inamegua ikikosa ubao wa kuegemea chini. Funga kipande cha mbao taka kigusane na kikalio pasipo upenyo. Au simama ncha ikichungulia tu, geuza, malizia kwa upande wa juu ukifuata kitundu cha ncha.

#14 Msumeno_Kimya
Naweka ubao chini, hakimeguki. Kugeuza naogopa.

#15 Mwalimu_Pembe
Una haki ya kuogopa, maana hapo ndipo watu hupata miguu inayotazama ndani. Sheria ni hii. Upande wa chini wa kikalio ukiwa juu, ile pembe ya kikalio iliyo karibu na tundu ndiyo inayoinuka, katikati ya kikalio panashuka. Ukigeuza ili utoboe kwa upande wa kukalia, mambo yanapinduka: pembe inashuka, katikati panainuka. Kwa drili yenye nguzo nyuma, kichwa cha jigi kilichoinuka kielekee kwenye nguzo, kikalio kiteremkie upande wako, na uweke kizuizi cha mbao chini ya mteremko kisiteleze.

Kabla ya kuwasha mota, simamisha penseli kwa kufuata biti juu ya alama ya tundu. Penseli ndiyo mguu. Ikielekea nje ya kikalio, endelea.

#16 Mbao_Gikomba
Boss, mnahangaika bure na digrii moja. Toboa tundu dogo la mm 16 hivi, halafu panua kwa rima ya koni, kile kifaa cha kukwangua tundu liwe pana upande mmoja na jembamba upande wa pili. Rima inasahihisha: unaingiza, unachomeka mguu, unapima kwa skwea ya kukunja, unaegemeza rima upande uliopungua, unazungusha mara mbili tatu, unapima tena. Tofauti ya digrii 1 hadi 2 inaisha kabisa. Na mguu wa koni ukikaliwa unazidi kukaza.

#17 KabariMoja
@Mbao_Gikomba, rima ni nzuri kwa mwenye mashine ya kukereza. Ulimi lazima uwe koni yenye mlalo uleule wa rima, la sivyo unagusa juu tu au chini tu na unacheza. Halafu kila ukizungusha rima mguu unazama zaidi, kwa hiyo tundu lililosahihishwa sana linatoa mguu mfupi. Jamaa ana ndimi za duara za 25 zilizokwisha tengenezwa.

#18 Mbao_Gikomba
Miguu mifupi unakata yote mwishoni ukiwa umeisimamisha stuli mezani. Hilo si jambo.

#19 KobeMbao
Au fanyeni miguu mitatu. Stuli ya miguu mitatu haichezi hata ikitobolewa na mlevi.

#20 Mzee_wa_Randa
Wakamba walishamaliza ubishi huu. Kigoda chao cha miguu mitatu kinachongwa katika gogo moja, kikalio na miguu. Hakuna tundu, gundi wala digrii.

#21 KobeMbao
Mzee, mteja wa kaunta anataka sentimita 65 kwenda juu. Hilo gogo utalibeba wewe.

#22 Chipukizi_Tabora
Kikalio cha mviringo cha miguu mitatu kinatobolewaje kwenye jigi hilihili?

#23 Mwalimu_Pembe
Rahisi kuliko cha mraba. Mstari wa kila mguu unatoka katikati ya duara, mistari mitatu, digrii 120 kutoka mmoja hadi mwingine. Piga pini kwenye uso wa jigi, toboa kitundu kifupi katikati ya kikalio upande uliolala kwenye jigi, kichomeke kwenye pini. Unazungusha tu mstari mpaka ukutane na alama. Umbali wa tundu kutoka katikati unakuwa sawa kwa yote matatu bila kupima tena. Kama hutaki kitundu upande wa kukalia, tumia vizuizi viwili vilivyowekwa kwa umbo la V.

#24 Randa_na_Patasi 
Turudi kwenye swali. Mimi namshuku mninga wenyewe kabla ya chochote. Kikalio kimejinyonga. Ubao uliojinyonga una kona mbili zilizoinuka, nazo ni za kona kwa kona! Ukikilaza kwenye jigi, kona 1 na 3 zinakaa, 2 na 4 zina upenyo. Ukikaza klampu karibu na tundu la 2, unaivuta kona chini, unatoboa, ukiachia inarudi ilikokuwa na tundu linabaki na kasoro. Hiyo ndiyo mawili mawili yako.

Chukua fito mbili zilizonyooka, laza moja kila ukingo wa kikalio, inama utazame moja juu ya nyingine. Zisipolala sambamba, umeshapata jibu.

#25 Mwalimu_Pembe
Naipenda hoja, ila namba zinanigomea. Tofauti ni karibu digrii 1.4. Kutoka kona hadi tundu la upande wa pili ni kama mm 330. Kuinamisha kikalio digrii 1.4 kwa urefu huo unahitaji upenyo wa mm 8. Ubao wenye upenyo wa mm 8 unacheza mezani kama kiti cha bembea, angeuona akiwa amefumba macho.

#26 Randa_na_Patasi
Umehesabu kana kwamba unaegemea kona ya mbali. Ubao uliojinyonga unaegemea katikati. Umbali ni nusu, 165, na upenyo ni mm 4. Bado ni mkubwa, sikatai, lakini kwa mbao ambayo haijakauka vizuri nimeuona.

#27 Mwalimu_Pembe
4 nakubali inawezekana. Ila naye anaposema kimetoka vilevile kwenye vikalio viwili, vyote vimejinyonga upande mmoja?

#28 Randa_na_Patasi
Vikitoka kwenye ubao mmoja, ndiyo.

#29 Binti_Seremala
Habari zenu. Kuna kitu kingine kinachogawa kona mbili mbili na hamjakitaja: nyuzi za mbao.

Biti inazunguka kwa mwelekeo wa saa ukiitazama kutoka juu. Kama alivyosema @Bawaba_Arusha, kwa zile mm 6 za kwanza inakula upande mmoja tu, wa juu wa mteremko, na pale meno yanapita yakikata kwa upana wa mteremko. Nyuzi ziko digrii 45 kwa mstari wa mguu. Kwenye kona 1 na 3 meno yanakutana na nyuzi zinazopanda mbele yake. Kwenye 2 na 4 yanakutana na nyuzi zinazoshuka. Upande mmoja inakata laini, upande mwingine inang'oa na kusukumwa. Kwa nini 1 inafanana na 3? Kwa sababu ukikizungusha kikalio nusu mzunguko, nyuzi zinarudi palepale. Ukikizungusha robo, zinageuka kinyume. Huhitaji ubao uliojinyonga hata chembe.

Na kwenye paini ni mbaya zaidi. Mstari mgumu na laini unapishana, biti inakimbilia laini.

#30 Bawaba_Arusha
Dada umeniongezea kitu. Kumbe biti ni yangu na mbao ni yako.

#31 Mzee_wa_Randa
Na ile mirija inayoshuka na biti? Ikishuka mwisho inalegea. Shusha biti yote chini, zima mota, shika chaki ukasukume kulia na kushoto. Ukisikia inagonga, hapo kuna nafasi. Mbao ikiisukuma biti, ile nafasi ndiyo inayoiruhusu iende. Mashine iliyokaza, nyuzi zingesukuma zikachoka.

#32 Fundi_Chaki
Ongezea na chaki inayoyumba. Weka fimbo ya chuma iliyonyooka, zungusha kwa mkono uone kama ncha inacheza.

#33 KabariMoja
Chaki inayoyumba inatanua tundu, hailazi tundu. Mm 25 inakuwa 25.4 na ulimi unalegea. Ni ugonjwa, ila si huu. Ingawa... tundu likiwa pana kuliko fimbo ya kupimia, fimbo yenyewe inalala inavyotaka na kipimo kinakudanganya. @Msumeno_Kimya fimbo yako inaingia kwa kubana au inateleza?

#34 Msumeno_Kimya
Inabana, naigonga kidogo kwa nyundo ya mbao. Mirija ya drili nimeisukuma, ina kamchezo kadogo ikishuka mwisho. Fito nimelaza: kikalio kimejinyonga, upenyo kama mm 1.5 kwenye kona. Si 4.

#35 Randa_na_Patasi
Kumbe kimejinyonga!

#36 Mwalimu_Pembe
Mm 1.5 kwa 165 ni digrii 0.5. Tunazitafuta 1.4.

#37 Binti_Seremala
Msibishane, kuna jaribio la kutenganisha. Kata kipande cha emdiefu (MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) 350 kwa 350. Emdiefu haina nyuzi wala haijajinyonga. Chora mistari ileile, toboa manne, jigi hilohilo, biti hiyohiyo. Yakitoka sawa, jigi na mashine ni safi, tatizo liko kwenye mbao. Yakitoka mawili mawili, basi mistari yako ya kona haijachorwa sawa au jigi linahama unapozungusha kikalio.

#38 Pwani_Seremala
Na kasi ya biti nayo itazamwe. Forstner ya 25 kwenye mninga, mizunguko 500 hivi kwa dakika inatosha. Wengi hawafungui mfuniko wa juu kuhamisha mkanda kwenye puli, wanaiacha kwenye 2,000 na zaidi. Inaungua ukingo, ukingo uliolegea ndio unaosukumwa. Tundu likiwa na weusi ndani, ujue.

#39 Chipukizi_Tabora
Kikalio mnakishika kwa mkono?

#40 Pwani_Seremala
Thubutu. Klampu mbili, na glavu vua. Biti ya 25 ikishika kwenye mteremko inazungusha ubao wa mninga mzima, na ukingo wake unapita usawa wa mbavu.

#41 KabariMoja
Kwa anayeogopa biti kuhama, kuna njia ya kuondoa mteremko kabisa: kofia. Randa kipande cha mbao kiwe kabari ya digrii 14, kigeuze kinyume cha jigi, kifunge juu ya kikalio pale penye alama. Sasa uso wa juu uko sawa na sakafu. Biti inaingia kwenye kofia kwanza ikiwa imenyooka, duara zima linashika, halafu inashuka kwenye kikalio ikiwa tayari ina ukuta wa kuiongoza pande zote. Kofia moja inatosha matundu yote ukiipanga kwa alama.

#42 Bawaba_Arusha
Safi, ila hesabu mwendo wa drili. Hizi za mezani nyingi zinashuka mm 50 tu. Kikalio cha 40 kilicholala 14, njia ya biti ni mm 41.2. Ongeza zile 6.2 za mteremko, umefika 47.4 bila kofia. Weka nafasi ya kuanzia na kimsumari cha kutokea chini, 50 imeisha. Kofia utaiweka wapi?

#43 KabariMoja
Unatoboa kwa awamu. Kofia na kikalio mpaka mwendo uishe. Unazima, unaondoa kofia, unapandisha kazi, unaendelea. Tundu lililopo linaongoza.

#44 Mzee_wa_Randa
Unapandisha vipi? Ukilegeza meza kwenye nguzo ya duara, inazunguka pembeni, mstari wako umeupoteza na huurudishi.

#45 KabariMoja
Meza haiguswi. Jigi linakaa kati ya vizuizi vilivyofungwa mezani, nyuma na pembeni. Unaliinua jigi zima, unaslaidisha plaiwudi ya 18 chini yake, linarudi kwenye vizuizi vilevile.

#46 Bawaba_Arusha
Au unalegeza chaki na kuishusha biti mm 15 zaidi, kama shingo yake ni ndefu. Ila shingo ibaki imeshikwa sentimita mbili na zaidi, si kwa kucha.

#47 Mzee_wa_Randa
Waseremala wa viti vya Windsor kule High Wycombe, Uingereza, walitoboa yote haya kwa keekee ya mkono na jicho. Hakuna jigi la kofia.

#48 KobeMbao
Na mteja wao hakuwa na simu yenye kipima pembe.

#49 Msumeno_Kimya
Nimerudi na majibu. Emdiefu: 14.1, 13.9, 14.0, 13.8. Kwa hiyo jigi na mistari viko sawa.

Nikachukua kikalio kipya cha mninga, nikakiranda mpaka fito zikalala sambamba, nikatumia biti bapa ya 25 badala ya Forstner, kasi ya chini. 14.1, 13.5, 14.0, 13.4. Tofauti imeshuka kutoka 1.4 hadi 0.6 hivi. Kwenye mguu wa mm 650, kila digrii ni kama mm 11 pale chini, kwa hiyo nimetoka 16 hadi 7. Kwa kaunta inapita.

#50 Pwani_Seremala
Ncha ndefu, nilisema.

#51 Randa_na_Patasi
Ncha ndefu wapi? Amekiranda! Ubao umenyooka, kosa limepungua.

#52 Binti_Seremala
Limepungua ila halijaisha, na mpangilio ni uleule, 1 na 3 juu, 2 na 4 chini. Ubao sasa haujajinyonga. Kilichobaki ni nyuzi.

#53 Mzee_wa_Randa
Au mirija ile inayolegea ikishuka.

#54 Mwalimu_Pembe
@Msumeno_Kimya umebadilisha vitu vitatu kwa mpigo, biti, ubao na kasi. Sasa kila mtu hapa ameshinda. Ilitakiwa kikalio kilichorandwa utoboe kwanza kwa Forstner ileile.

#55 Msumeno_Kimya
Mwalimu, mninga nauziwa kwa futi, siwezi kuchezea vikalio. Vilivyobaki ni vya mteja.

#56 Binti_Seremala
Huhitaji kikalio kizima. Masalia ya 100 kwa 100 yanatosha, mradi unene uwe 40 na uso umerandwa. Chora mstari wa digrii 45 kwa nyuzi. Kimoja mstari uelekee kulia kwa nyuzi, cha pili kushoto, vyote Forstner, kasi ya 500. Yakipishana hapo, ubao mdogo hivyo hauna pa kujinyonga.

#57 Randa_na_Patasi
Sawa, nitakubali hilo. Ila vishike kwa ubao wa kubania wa upana wote. Klampu ya ncha kwenye kipande cha 100 itakiinua upande wa pili, halafu mtasema ni nyuzi.

#58 Chipukizi_Tabora
Wakuu, kabari ya juu ya ulimi inaingia kufuata nyuzi za kikalio au kuzikata?

#59 Pwani_Seremala
Kuzikata, kila mara. Ufa wa ulimi ukae mkabala na nyuzi za kikalio. Ukiuweka kufuata nyuzi, kabari inasukuma kikalio kipasuke toka tundu hadi ukingoni. Kwa huyu mwenye miguu ya kona, zungusha mguu kwenye tundu kabla ya gundi mpaka ufa ukae hivyo, usiufuate mstari wa kona. Na ulimi uchomoze mm 3 juu, maana tundu lililolala linatokea likiwa yai: 25 upande mmoja, 25.8 upande wa pili. Ukikata mapema unabaki na kishimo upande wa yai.